Ukurasa wa Mwaka 2011

Vijana waliponiomba daftari la mbio, niliwaambia nitawaletea Jumapili. Jumapili ilipofika nikasema nimelisahau. Jumapili ya pili nikasema mama watoto ameliweka mahali na hapakumbuki. Bahati mbaya mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno pale nje ya kanisa, lakini tulipokuwa tukipanda kwenda nyumbani aliniuliza, "Baba, daftari liko mezani kwako, chini ya Biblia. Unawaficha nini wale watoto?"

Nilisimamia mbio za usharika wetu kuanzia mwaka 2005 hadi 2022. Ukiondoa mwaka mmoja tulioahirisha kwa sababu ya msiba, ni mara 17. Nilikuwa nimeamua mwenyewe kuzikabidhi, kwa kuwa magoti yalikuwa yamechoka na vijana wana njia zao za kufanya mambo ambazo mimi sizijui. Daftari lenyewe ni kaunta buku la jalada gumu, nililolinunua Moshi mjini kwa pesa yangu. Kila mwaka lina majina, mitaa wanakotoka, na muda wa kila aliyemaliza, hata aliyetembea. Nilikuwa mwalimu wa hisabati na michezo kwa miaka mingi, na kama kuna kitu nilijivunia mbele za watu, ni usafi wa daftari lile. Halina kufutwafutwa. Ndiyo maana sikuweza kulitoa.

Haya ninayoyaandika, ninayaandika kwa ruhusa ya watu wawili ambao yanawahusu. Sitawataja majina. Wengi wenu mtawatambua, nami nawaomba mkiwatambua mwendelee kuwasalimu kama mlivyowasalimu jana.

Kwa wale waliohamia usharikani karibuni, nianze na jinsi mbio zilivyoanza. Zilianza kwa sababu ya paa la darasa la chekechea. Mnaujua mnada wetu baada ya ibada: mkungu wa ndizi, jogoo, lita ya maziwa, na mzee mmoja ananunua jogoo kwa bei ya kutisha kisha anamrudisha mnadani, ananunuliwa tena na mwingine, hadi jogoo mwenyewe anachoka. Kwa njia hiyo tumejenga mengi. Lakini katika kikao kimoja kuhusu lile paa, kijana mmoja alisimama akasema, "Wazee, sisi hatuna kuku. Tuna miguu." Watu walicheka, mchungaji hakucheka. Miaka miwili nyuma Kilimanjaro Marathon ilikuwa imeanza pale Moshi, na vijana wetu walikuwa wameteremka kuitazama, wakarudi na maneno mengi. Basi tukakubaliana: kila mkimbiaji atafute watu wa kumwahidi chochote, akimaliza wanatoa. Siku ikawa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba, barabara zikiwa kavu na vumbi si haba.

Kazi ya kupima njia ilikuwa yangu. Nilifunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la baiskeli, nikapima mzunguko wake chini, mita mbili na kidogo, kisha nikalikokota hilo gurudumu kutoka mlango wa kanisa nikihesabu kila uzi unapopita juu. Mwanangu alitembea nami na punje za mahindi mfukoni. Kila nikifika 100 anahamisha punje moja kwenda mfuko wa pili. Tulipofika darajani mbuzi akatuchanganya hesabu, tukarudi mwanzo. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja mwenye saa ya kisasa mkononi aliniambia kwamba kilomita zangu 10 zinapungua mita chache. Nilimwambia saa yake haikuwahi kukutana na mbuzi. Nilifarijika niliposoma baadaye kwamba hata mbio kubwa za dunia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu gurudumuni.

Njia mnaijua, lakini kwa ajili ya nitakayoyasema niieleze. Inapanda kutoka kanisani kwa barabara ya juu, inapita shule, inafika zahanati. Hapo inageuka na kushuka kwa barabara ya pili, ile ya kandokando ya mfereji, hadi kanisani tena. Katikati ya barabara hizo mbili ni vihamba vitupu: migomba, kahawa, na mipaka ya masale. Ndani ya vihamba kuna vichochoro ambavyo mgeni hawezi kuviona, na ambavyo kila mtoto wa kwetu anavijua kabla hajajua kusoma.

Mwaka wa kwanza walikuja watu 43. Wengi walikimbia pekupeku, mmoja alikimbia na viatu vya kaka yake akavivua njiani akavibeba. Umoja wa wanawake walisimama na ndoo za maji na vikombe vya plastiki katika vituo vitatu. Mtori ulipikwa sufuria mbili kubwa. Paa la chekechea likapatikana mwaka uliofuata, na mbio hazikuachwa. Pesa ikaanza kwenda kwenye mfuko wa elimu, ambao hadi leo unasaidia watoto.

Kila mwaka kabla ya filimbi mchungaji alisimama juu ya ngazi ya kanisa akasimulia habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka kwenye marathoni akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wakati watu wengi walishaondoka. Watoto wetu waliijua habari hiyo kama wanavyoijua ya Daudi na Goliathi. Kwa hiyo kwetu wa mwisho alishangiliwa kuliko wa kwanza. Kwaya ilimwimbia, mama mmoja alimfunga khanga mabegani. Nilikuwa naona fahari sana juu ya jambo hilo, nikisema moyoni kwamba hizi ndizo mbio za Kikristo. Sasa naona kwamba tulikuwa tumejiandaa vizuri kumheshimu wa mwisho, na wa pili hatukumwandalia kitu.

Mwaka 2011 mtoto mmoja wa usharika, mtu aliyefanikiwa anayeishi Dar es Salaam, alituandikia kwamba atamlipia mshindi wa vijana ada ya miaka miwili, shule au chuo, popote atakapochaguliwa. Hatukuwahi kuwa na zawadi ya namna ile. Kabla yake mshindi alipata blanketi na jembe. Vijana walianza mazoezi tangu Juni; asubuhi na mapema, kabla ukungu haujaondoka, unasikia miguu yao barabarani. Mimi nilizaliwa na ugonjwa huo wa mbio. Nilikuwa mvulana Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, nikaisikia kwenye redio ya jirani, na tangu siku hiyo sijawahi kusikia miguu ikikimbia nikabaki kitandani. Nilitoka nje kuwatazama. Na katika wote, mmoja alikuwa na mwendo ambao hufundishwi. Alikuwa mtoto wa mama aliyekuwa akibeba maziwa ya majirani kupeleka sokoni. Nilijua atashinda. Nadhani kila mtu alijua.

Siku ya mbio mwinjilisti aliniazima pikipiki ili niwe nikipita huku na huku. Kwenye barabara ya mfereji, nikiwa napanda kuwalaki wakimbiaji, tairi la nyuma likapata pancha. Niliisogeza pembeni, nikachuchumaa na spana. Hapakuwa na mtu. Watu wote walikuwa kanisani au barabara ya juu. Nikasikia majani yakivunjika. Mpaka wa masale uliokuwa mbele yangu, kama hatua kumi na tano, ukafunguka, na kijana akaruka kutoka kihambani akatua barabarani.

Alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa mwenzangu. Mimi na baba yake tulikaa benchi moja la baraza la wazee, na mwezi wa saba mwaka ule ule tulikuwa tumemzika mama yake. Kijana aliniona. Alisimama. Namaanisha alisimama kabisa, mikono pembeni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikuwa akisubiri nimwambie neno. Nami nilimtazama, kisha nikainamisha kichwa nikaendelea na spana. Niliposikia miguu yake ikiteremka, nikatazama saa. Dakika tatu na nusu baadaye akapita yule mwingine, mtoto wa mama wa maziwa, peke yake, anatoka juu zahanati, uso umejaa furaha. Akaniambia huku akipita, "Shikamoo Mwalimu!" Mtu anayekimbia vile, na bado anakumbuka kuamkia. Nilimjibu marahaba.

Mengine mnayajua au mmeyasikia. Mtoto wa mzee alikata utepe. Baba yake alilia mbele ya mgeni rasmi, na watu wakalia naye kwa sababu ya mkewe. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, jina lake kwenye namba 1, na jina la yule mwingine kwenye namba 2. Yule wa pili akapokea blanketi na jembe, akampa mama yake.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichoniinamisha pale barabarani. Kwa miaka mingi nilijiambia kuwa ilikuwa huruma. Nyumba ile ilikuwa na kilio, kijana alikuwa na jeraha, je, Bwana wetu hakusema turehemu? Nilijipatia na mistari. Lakini huruma ya kweli ingeniinua nikamshike mkono, nizungumze naye. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona picha moja tu: mgeni rasmi, kipaza sauti, mzee mwenzangu akifedheheka mbele ya usharika mzima, na mbio zangu, nilizozipima kwa uzi na punje za mahindi, zikisemwa vibaya kutoka mtaa hadi mtaa. Niliokoa jina la mbio. Rehema nilimpa mtu kwa mkoba wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata nilileta vitambaa. Wengi wenu mnajua ninachosema: pale zahanati kila mkimbiaji anafungwa kipande cha kitenge mkononi, rangi tofauti kila mwaka, na asiye na kitambaa haandikwi. Wazo hilo lilisifiwa mno. Sharika za jirani zikatuiga. Mara moja nilisimamishwa kwenye kikao cha jimbo nieleze tulivyobuni. Nikaeleza, watu wakapiga makofi, nikaketi. Mchungaji aliyekuwa pembeni yangu akasema, "Mwalimu, Mungu amekupa hekima." Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Kama kuna siku nilimchukia mtu, nilijichukia siku ile.

Nataka kusema neno moja juu ya ungamo letu. Kila Jumapili tunaungama kwa pamoja, tumesimama, kwa sauti moja. Napenda sehemu hiyo ya ibada na sitaki iondolewe. Lakini kwa miaka 11 niliitumia vibaya. Niliungama kwa wingi. Nilisema sisi, na dhambi yangu ikaingia ndani ya ile sisi kama mtu anayejificha kwenye umati wa sokoni, nikatoka mlangoni mwepesi, na Jumatatu ikawa imerudi.

Na neno jingine juu ya Paulo. Nilikuwa msomaji wa siku ile kila mwaka, na nilipenda kusoma 2 Timotheo 4, pale anaposema juu ya mwendo alioumaliza. Nilikuwa naishia mstari wa 7, nafunga Biblia, napuliza filimbi. Usiku mmoja mwaka 2022, nikiwa na lile daftari ambalo sikutaka kulikabidhi, nilifungua pale pale nikasoma nikapitiliza. Mstari wa 8 una mhukumu. Taji anayeitoa ni mhukumu, na Paulo anamwita mwenye haki. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mkimbiaji na sikumbuki hata moja juu ya mwamuzi, labda kwa sababu sisi wote tunapenda kujiona tukikimbia. Mimi sikuwa mkimbiaji. Nilikuwa na saa na daftari.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu wa sasa, ambaye mwaka 2011 alikuwa bado yuko chuoni. Nilimwambia nataka kusimama kanisani niseme. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama yule aliyeporwa anajua. Nikasema sidhani. Akasema, "Basi usimfanye asikie habari zake pamoja na kwaya. Nenda kwake kwanza." Akanikumbusha lile neno la Yesu katika Mathayo 5, la mtu aliyefika madhabahuni na sadaka akakumbuka nduguye. Nilikuwa nimelifundisha shule ya Jumapili mara nyingi.

Nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu. Wazee wangu walinilea nikijua kwamba ukimkosea mtu hadi maneno hayatoshi, unakwenda na sale, na mtu akiletewa sale hawezi kukufukuza kama mbwa. Najua wapo wanaosema hayo ni ya kale na hayafai kwa mkristo. Injili ilifika Machame mwaka 1893, na tangu hapo watu wamebishana nini kiachwe na nini kibaki. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika sana akitaka mila za Wachagga zichukuliwe kwa uzito. Mimi sikuwa nabishana na mtu. Niliogopa kwenda mikono mitupu.

Yule kijana ni fundi ujenzi sasa. Hakurudi kukimbia tena baada ya mwaka ule, jambo ambalo nilikuwa nimejieleza kwa namna yangu: maisha, kazi, vijana ndivyo walivyo. Ngazi mpya za kanisa, zile tunazopanda kila Jumapili, ni mikono yake. Nilimkuta kwenye nyumba ya mtu anapandisha tofali. Aliponiona alifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Aliliona jani kabla sijaanza. Aliweka mwiko juu ya tofali, akamwambia kibarua wake aende akanywe chai. Nikamweleza yote, kuanzia pancha. Sikupamba. Nilipomaliza alikuwa anatazama mchanga.

"Nilijua, Mwalimu," akasema.

Akanieleza kwamba alipofika zahanati siku ile, mama wa maji alimpa kikombe akamwambia, hongera mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kufika hapa. "Nikashuka nikijua ada ni yangu. Ndiyo maana nilikuamkia vile." Alipofika kanisani akakuta mtu ameshabebwa juu. "Nilikutazama. Nikasema, Mwalimu hajui, ngoja atajua. Yule mama alikufuata kukwambia, ukamwambia mbio zimekwisha, aweke ndoo stoo."

Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Lilinirudia hapo hapo, pamoja na rangi ya ndoo. Mama yule alitangulia mbele za haki mwaka 2017. Nilihudhuria mazishi yake na nikatoa salamu za rambirambi kwa niaba ya kamati ya mbio.

"Nilingoja mwaka mzima," fundi akaendelea. "Nikasema Mwalimu ni mtu wa haki, siku akijua atarekebisha. Halafu ukaleta vitambaa."

Sikuelewa. Nikamwambia vitambaa ndivyo vilivyozuia jambo lile lisitokee tena.

"Ndiyo. Ulipovileta ndipo nilipojua kwamba ulijua."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja na jani nikidhani ninaleta habari, kumbe nilikuwa nimeshaitangaza mwenyewe mwaka 2012, mbele ya usharika wote, kwa kitenge cha njano.

Alilipokea sale kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akalichomeka mfukoni mwa shati. Akasema, "Nimepokea, Mwalimu. Lakini usiniambie kwamba nimeshasamehe, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na wewe umelileta leo asubuhi. Nipe nafasi." Nikamwambia ana haki. Nilimuuliza kuhusu daftari, kama nikate lile jina la kwanza niandike lake. Alifikiri. Akasema nisikate. "Yule naye ni mtoto wa watu. Andika pembeni ulichokiona, basi. Wewe si ulitufundisha kuonyesha kazi?"

Yule wa kwanza nilimpigia simu. Ni tabibu katika mkoa mwingine, na kila mwaka, bila kukosa, hutuma mchango wa mbio, tena mkubwa. Nilipotaja mwaka tu, simu ikanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema neno ambalo linanisumbua kuliko yote ya fundi. "Mwalimu, mimi nilifikiri pale barabarani ulinisamehe. Ulivyoinamisha kichwa. Nimesoma kwa kichwa kile. Kila nilipotaka kuacha chuo nilikumbuka kwamba kuna mtu aliona na akanisamehe, nikasema lazima niwe mtu."

Sasa niambieni, wapendwa, ningemjibu nini. Kwamba haikuwa msamaha, ilikuwa woga? Nilimwambia. Alikuwa na haki ya kujua. Lakini wagonjwa anaowatibu ni wa kweli, na simu niliyoishika ilikuwa inatetemeka, na sikuweza kusema kwamba Mungu hakufanya kitu kwa kichwa changu kilichoinama. Nilisema tu kwamba kusamehe hakukuwa kwangu, kwa kuwa aliyekimbia hadi zahanati hakuwa mimi. Akasema, "Namba yake unayo?" Nikampa.

Alikuja Krismasi. Nilimwona yeye na fundi wamekaa kwenye zile ngazi baada ya ibada ya pili, watu wakiwa wamekwisha kwenda kula. Fundi alikuwa anaongea, mwingine ameinamisha kichwa. Nilipita mbali kwa njia ya nyuma ya jiko la kanisa. Nasikia kulikuwa na mazungumzo ya ada ya mtoto wa fundi, na nasikia pia kwamba fundi alikataa kwanza. Mwisho wake sikuuliza. Fundi bado hajaniambia lile neno. Ananiamkia, ananiuliza habari za magoti, na mwezi wa pili alikuja kunitengenezea bomba la tangi akakataa malipo, kisha akabadili mawazo akapokea. Nilifurahi alipopokea.

Daftari nililipeleka Jumapili ya nne, na maandishi yangu pembeni ya ukurasa wa 2011, mistari sita, kwa kalamu ya wino wa bluu, tarehe ya siku niliyoandika na sahihi. Katibu mpya wa mbio ni binti niliyemfundisha darasa la nne. Yeye anahamishia yote kwenye kompyuta ili wakimbiaji waweze kuona matokeo yao ya zamani. Alinipigia simu jioni moja.

"Shikamoo Mwalimu. Nimefika 2011. Kuna maandishi pembeni, nimeyasoma." Akanyamaza kidogo. "Niyaingizeje? Nina safu ya jina, mtaa na muda tu. Haya hayana safu."

Nikamwambia aongeze.